Wageni Wanakuja Kula Pwani, Mpishi Anabaki na Nini?

Utalii wa Pwani umebadilika, na nadhani wanaopanga mipango ya kaunti zetu hawajaliona badiliko hilo vizuri. Zamani mgeni alikuja kwa ajili ya bahari, jua na Fort Jesus. Chakula alikula hotelini, cha kizungu, akarudi kwao bila kujua hamri ni nini. Siku hizi mgeni, hasa yule wa ndani ya nchi, anakuja na orodha mkononi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi Nairobi na jioni akawa Mama Ngina, pale wenyeji tunapopaita Lighthouse, anakula mihogo ya kukaanga iliyokamuliwa ndimu na kunyunyizwa pilipili. Anapiga picha, anaituma, na wiki inayofuata wenzake watano wanamuuliza mahali penyewe ni wapi.

Mimi naliona jambo hili ni la heri. Marafiki zangu wa bara wananipigia simu kabla ya kila likizo ya Desemba kuniuliza biriani nzuri iko wapi, na mimi huwaelekeza kwa furaha. Mtu anayekuja kula chakula chako anakuheshimu kuliko anayekuja kulala ufuoni mwako na kuondoka.

Hata hivyo lipo swali ambalo sijasikia likiulizwa katika mikutano ya utalii. Katika hizo pesa za mgeni, aliyepika anabaki na nini? Aliyekwea mnazi je? Aliyetoka na ngalawa usiku je? Na miaka ishirini ijayo, chakula hicho kitakuwa bado ni cha Pwani, au litakuwa ni jina tu lililoandikwa kwenye menyu ya mkahawa ambao hauna mpishi wa Pwani, hauna nazi ya Pwani wala samaki wa Pwani?

Hoja yangu ni nyepesi. Huwezi kuuza chakula cha mahali kama hukulinda mambo matatu: malighafi yake, mpishi wake, na jina lake. Kwa sasa sisi tunauza sahani, na hayo matatu tumeyaacha yajiendee.

Ramani ya Pwani imo sahanini

Kwanza tukubaliane kwamba tuna kitu cha kuuza. Anayetaka kuijua Pwani hahitaji kitabu, anahitaji tumbo lenye nafasi.

Aanzie Mombasa. Alfajiri, kuanzia Mji wa Kale hadi Majengo, harufu ni ya iliki na mafuta ya moto. Hayo ni mahamri, na kando yake kuna sufuria ya mbaazi za nazi. Adhuhuri, hasa Ijumaa watu wakitoka msikitini, ni pilau na biriani. Kuanzia alasiri barabara zinajaa viazi karai, bhajia, kababu, mishikaki na mkate wa mayai, na juisi ya ukwaju au ya miwa ya kuteremshia. Usiku muuza kahawa anapita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Wazee wako barazani, kahawa ni tungu, mkononi kipande cha kashata au halua. Mgeni akikaa hapo nusu saa ataelewa siasa zote za Mombasa bila kununua gazeti.

Akivuka Likoni kwenda Kwale, atakutana na muhogo wa nazi, samaki wa kupaka, na kule Shimoni na Vanga pweza na samaki waliotoka majini siku hiyo hiyo. Akienda kaskazini hadi Kilifi, ataletewa sima na mchunga, ile mboga chungu ambayo Mmijikenda aliyekaa mbali huiota usiku. Malindi ni kichekesho chenye funzo ndani yake. Mji ambao Vasco da Gama alikaribishwa mwaka 1498 leo ni maarufu kwa vyakula vya Kitaliano, na utapata vijana wa Kigiriama wanaopika pasta kama waliozaliwa nayo. Sina ubaya na pasta. Nauliza tu ni mgeni gani ameambiwa kwamba jirani na hapo kuna wali wa mbaazi wa kumfanya aahirishe safari.

Mbele zaidi, kando ya mto Tana, Wapokomo wanalima mpunga, ndizi na maembe, na Waorma wanaishi kwa maziwa na nyama. Lamu kuna mkate wa mofa, bokoboko, papa mkavu, na samaki wa kila jina. Na tusiwasahau ndugu zetu wa Taita Taveta, ambao kwa sababu hawana bahari wanaachwa kila tunapotaja Pwani. Kimanga chao, ule mchanganyiko wa muhogo au ndizi na maharagwe uliopondwa pamoja, ni chakula cha mtu mwenye kazi ya kufanya.

Kila sahani hapo ni historia. Kuna watu husema kwa dharau kwamba sisi hatuna chakula chetu, tumeazima kwa Waarabu na Wahindi. Hao hawajapika. Ni kweli biriani ilivuka bahari kutoka Bara Hindi, na halua ina ndugu zake Oman. Muhogo, mahindi na pilipili asili yake ni Amerika, vikaletwa na meli za Wareno. Lakini biriani ya Hyderabad wali na nyama hupangwa tabaka kwa tabaka vikaivia pamoja chunguni. Ya Mombasa rosti hupikwa mbali, wali mbali, vikakutana sahanini. Muhogo ukatiwa tui. Samaki akapakwa tui. Hata unga wa ngano ukakandwa kwa tui ukawa hamri. Ukitafuta saini ya mpishi wa Pwani juu ya vyakula vyote alivyovipokea, utaikuta katika nazi.

Chini ya sahani kuna nini

Na hapo kwenye nazi ndipo pa kuanza kulia.

Mnazi wetu mrefu wa asili, ule wa Afrika Mashariki, huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa. Anayepanda leo anapandia mtoto. Mashamba mengi ya Kilifi na Kwale yana minazi iliyopandwa na mababu, imezeeka, inazaa kidogo, na haijapandwa mingine badala yake. Juu ya hilo kuna chonga, mdudu anayetoboa kilele cha mnazi, na katika miaka ya karibuni wakaja nzi weupe wanaofyonza majani hadi yanageuka meusi. Mashamba mengine yamekatwa viwanja, na mnazi umeangushwa ukawa mbao.

Zamani kulikuwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Nazi, ofisi ambayo kazi yake ilikuwa ni zao hili tu. Kufuatia sheria za kilimo za mwaka 2013, ikaunganishwa na nyinginezo chini ya mamlaka moja ya kilimo na chakula, na leo nazi iko katika kurugenzi moja pamoja na korosho, makadamia, alizeti na mengineyo. Sisemi maafisa wake hawafanyi kazi. Nasema tu kwamba zao lililokuwa na mlango wake sasa lina kiti katika chumba chenye watu wengi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi Waislamu wa Pwani hatupendi kulizungumza, nami nitalizungumza. Mnazi hutoa tembo. Mimi si mnywaji, dini yangu imenikataza, na sitamshauri mtu anywe. Lakini nikiandika kuhusu vyakula na vinywaji vya Pwani nikajifanya tembo halipo, nitakuwa nadanganya. Kwa jirani yangu Mgiriama na Mdigo asiyekuwa Muislamu, tembo limo katika mahari na katika mila. Na kwa mkulima ni hesabu. Ua la mnazi linalogemwa halizai nazi. Mgemaji anapata pesa kila siku, asubuhi na jioni. Mwenye kungoja nazi anangoja miezi, kisha anakuja dalali na bei yake mwenyewe. Kama tunataka mnazi uzae nazi badala ya tembo, kuhubiri peke yake hakutoshi. Ni lazima nazi imlipe mwenye shamba. Msikiti una kazi yake, na soko lina kazi yake.

Sasa tazama kichekesho kingine. Mafuta tunayokaangia viazi karai na mahamri katika nchi hii ya minazi ni ya mawese, na mengi yanatoka Malaysia na Indonesia. Yanashuka bandarini Mombasa, mbele ya macho yetu. Ngano nyingi ya mahamri inatoka nje vilevile, na ndiyo maana vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilisikika hadi kwenye karai la mama wa Kisauni. Mchele wa biriani mwingi ni wa Pakistan. Na hata tui siku hizi linauzwa la mkebe na la pakiti, jingine limetoka Asia. Mgeni anaweza kula "chakula asili cha Mswahili" mezani akiwa hajagusa kitu kilichoota Pwani isipokuwa ndimu.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Delta ya Tana ilikuwa na mradi mkubwa wa mpunga wa umwagiliaji, mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 yakauvunja, na tangu hapo umekuwa wimbo wa kampeni. Korosho tulikuwa na kiwanda Kilifi, kikafa miaka ya 1990, na waliokuwa na mikorosho wakabaki kuuza korosho ghafi kwa madalali.

Samaki naye ana kesi yake. Katika msimu wa kusi, bahari inapochafuka, mvuvi wa dau na ngalawa hawezi kufika mbali. Anategemea maji ya ndani, mikoko na mikono ya bahari. Hayo ndiyo maji yanayoguswa kila tunapojenga jambo kubwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari ya LAPSSET. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mimi sipingi bandari, vijana wetu wanataka kazi. Lakini hukumu ile inatufunza kwamba kitoweo kina thamani inayohesabika, na kwamba wavuvi waliipata hesabu hiyo kwa kwenda mahakamani. Hakuna aliyewafuata kuwapa.

Na kando ya bandari kubwa kuna wizi mdogo mdogo wa madiko. Diko ni pale chombo kinapofikia, samaki anapopimwa na kuuzwa. Kutoka kusini hadi kaskazini utasikia malalamiko yale yale. Ukuta umejengwa, njia ya kushukia pwani imefungwa, walinzi wanamuuliza mvuvi anakwenda wapi. Diko likifungwa samaki hawapotei baharini, anayepotea ni mwanamke aliyekuwa akinunua hapo ndoo moja, akamkaanga na kumuuza jioni. Samaki sasa anakwenda moja kwa moja kwa mwenye gari la barafu.

Mkono unaopika

Hapo ndipo tunafika kwa mpishi, na hapa nina maslahi yangu ya kuyatangaza. Karo yangu ya diploma ililipwa na mahamri. Mama yangu aliamka saa tisa usiku kwa miaka mingi, akikuna nazi kwenye mbuzi, akichuja tui kwa kifumbu, akikanda unga na kuuacha uumuke kabla ya adhana ya alfajiri. Najua hesabu ya biashara ile kwa sababu niliifanya kwa kalamu yangu nikiwa mtoto. Unga ukipanda bei, huwezi kupandisha bei ya hamri, kwa sababu mnunuzi wako ni kuli na mwalimu wa chekechea. Unalifanya hamri liwe dogo. Likishakuwa dogo mno, unakula faida yako.

Mama kama huyo leo ndiye anayepigwa picha na wageni. Yeye ndiye "utalii wa vyakula" wenyewe. Lakini kwa karatasi hayupo. Hana kibanda cha kudumu. Anatakiwa awe na leseni ya biashara na cheti cha afya cha mpishi, na hilo ni haki, kwa sababu chakula kichafu kinaua. Shida ni kwamba analipa ada na bado askari wa kaunti anaweza kumwambia kesho aondoke, kwa sababu barabara inapendezeshwa. Mji unapendezeshwa kwa ajili ya mgeni, na mtu ambaye mgeni amemjia anaondolewa ili mgeni apate pa kupita.

Mfano wa Mama Ngina unafaa kutazamwa kwa pande zote mbili. Ukarabati uliokamilika mwaka 2019, kabla ya sherehe za Mashujaa kufanyika pale, uliacha mahali pazuri, penye taa na nafasi ya watoto kukimbia. Lakini katika kazi kama hiyo lazima tuulize mapema, si baadaye: wauza mihogo na madafu waliokuwapo kabla ya ramani kuchorwa, wamo kwenye ramani? Nani anapewa kibanda, kwa orodha ya nani, kwa kodi gani? Mahali pale palijulikana kwa mihogo kabla ya kujulikana kwa taa.

Na msidhani wanaoteseka ni wauzaji wa barabarani tu. Kuna wapishi wa harusi, wale mabingwa wanaoweza kupika pilau ya watu mia tano kwa kuni bila punje kuungua. Kuna watengeneza halua wanaokoroga kwa saa nyingi. Kuna mabibi wa Lamu wanaojua mofa. Ujuzi huo haujaandikwa popote, uko mkononi, na mkono huo umezeeka. Watoto wao wamesoma, wanataka kazi ya ofisini, na siwalaumu. Nani atachagua kazi ya moshi isiyo na pensheni wala heshima?

Wenzetu wameandika

Wakati sisi tunapiga picha, wengine wanaandika. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza Ceebu Jën ya Senegal, wali wao wa samaki, katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mwaka 2024 Côte d'Ivoire ikaingiza attiéké, na attiéké ni nini? Ni muhogo. Muhogo huu huu.

Lililonigusa zaidi ni la Ghuba. Mwaka 2015 nchi za Emirati, Saudia, Oman na Qatar ziliandikisha kahawa ya Kiarabu pamoja na adabu zake za kukirimu wageni. Mwaka 2023 Emirati, Oman na Saudia wakaandikisha harisa, ngano iliyopondwa na kupikwa na nyama hadi ikawa kitu kimoja. Msomaji wa Pwani ameshaijua tayari. Hiyo ni bokoboko. Dada zake wako Lamu, Mombasa na Unguja, wanapikwa kila harusi na kila Idi. Sisemi wametuibia, la. Chakula hicho ni chao, nasi tumekipokea na kukifanya chetu. Ninachosema ni kwamba wao wamekiheshimu kwa maandishi, nasi bokoboko yetu haina hata ukurasa mmoja katika ofisi ya kaunti.

Kenya si ngeni wa njia hii. Mila za Kaya za Wamijikenda ziliandikishwa UNESCO mwaka 2009. Na mwaka 2021 huo huo wa Senegal, kazi ya Kenya ya kurudisha mboga na vyakula vya asili ilitambuliwa na UNESCO kama mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Kwa hivyo ujuzi wa kufanya jambo hili upo nchini, haupo Paris peke yake.

Tena, hatuhitaji kungoja UNESCO. Kuna sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni. Sheria hiyo inaitaka kila serikali ya kaunti iwe na rejista ya maarifa ya jadi ya watu wake. Si ombi, ni wajibu. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kilimo, masoko, leseni za biashara, utalii wa ndani na shughuli za utamaduni. Yaani mnyororo wote, kutoka shamba la mnazi hadi kibanda cha viazi karai, uko chini ya ofisi za gavana yule yule. Hakuna wa kumsingizia Nairobi.

Majibu kwa wanaopinga

Nayajua mapingamizi mawili. La kwanza husema kwamba chakula ni cha watu wote, ukianza kuandikisha utaleta ubaguzi, useme huyu asipike biriani na yule asiuze mahamri. Hilo silikubali hata kidogo. Mombasa yote imejengwa na watu waliokuja, na Mluhya anayepika viazi karai vizuri kuliko mimi ana haki ya kuviuza. Rejista haimzuii mtu kupika. Inazuia kampuni kubwa kuja kesho na kulifanya jina "mahamri ya Pwani" kuwa mali yake, huku aliyelibeba jina hilo mabegani anafukuzwa barabarani.

La pili husema, soko lenyewe litarekebisha. Watu wakipenda chakula, wapishi watatajirika. Ningependa iwe hivyo. Lakini soko halipandi mnazi wa miaka minane, wala halifungui diko lililozibwa na ukuta. Soko linamlipa aliye karibu na mgeni, na aliye karibu na mgeni ni mwenye jengo, mwenye programu ya simu ya kuagiza chakula, mwenye hoteli. Wa nyuma wanalipwa kinachobaki.

Tufanye nini

Nitasema mambo manne, na yote yanawezekana bila mkopo wa nje.

Kwanza, kila kaunti kati ya zile sita ifungue rejista yake ya vyakula chini ya sheria ya 2016, na ianze na wazee. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ipo, inaweza kuziunganisha ili bokoboko ya Lamu na kimanga cha Taita viwe katika kitabu kimoja. Kazi ya kurekodi wapewe vijana wetu waliosoma, wapo wengi nyumbani.

Pili, mnazi. Miche igawiwe kwa wingi na ifuatiliwe hadi izae, isiwe ni ya kupigia picha siku ya uzinduzi. Na vikundi vya wakulima vipate soko la moja kwa moja. Hoteli zinazojitangaza kwa chakula cha Kiswahili ziulizwe tui lao linatoka wapi. Shule na hospitali za kaunti zinanunua chakula kila siku, nazo ziulizwe hivyo hivyo.

Tatu, madiko yapimwe, yapate hati kwa jina la umma, na njia za kuyafikia zifunguliwe.

Nne, mpishi wa barabarani apate nafasi yenye maji, choo na taa, na leseni inayomlinda kwa mwaka mzima alioulipia. Ukaguzi wa afya uendelee, tena uwe mkali. Usafi ni wa dini yetu kabla ya kuwa wa kaunti. Lakini aliyepita ukaguzi asiguswe.

Na sisi wenyewe tuna letu. Tukiwa na harusi tunakimbilia vyakula ambavyo havina jina kwa lugha yetu, halafu tunalalamika utamaduni umepotea. Binti anayejua kupika mkate wa sinia tunamwambia hiyo si kazi. Chambilecho wahenga, mkataa kwao ni mtumwa. Mzazi mwenye ujuzi na amfunze mwanawe, wa kike na wa kiume, kisha amruhusu auze kwa bei yenye heshima bila kuona aya.

Ndugu msomaji, bajeti ya kaunti haiandikwi usiku mmoja. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili. Katikati yake kuna vikao vya maoni ya umma, ambavyo mara nyingi viti vyake vinabaki vitupu, au vinajazwa na walioletwa kwa basi. Kikao kijacho kikitangazwa katika wadi yako, nenda na mama anayekuuzia mahamri. Usihutubu. Muulize afisa wa utalii maswali mawili tu: rejista ya kaunti iko wapi, na kibanda cha huyu mama kiko wapi kwenye ramani yenu? Kisha kaa chini usubiri jibu, na uhakikishe limeandikwa.